Mia Mbili na Ishirini

"Shikamoo, Mwalimu. Nikuwekee ngapi?"

Swali hilo la fundi pancha wa Nachingwea ni fupi, lakini limewatoa jasho hata wenye shahada. Wengi hujibu "weka kama za wenzangu", kana kwamba wanaagiza chai. Mwalimu mmoja wa Ruangwa, mtu asiyependa kuonekana hajui, alifungua mlango wa dereva, akainamia kibandiko kilichojaa maandishi ya Kijapani na kuokota namba ya kwanza aliyoielewa.

"Weka mia mbili na ishirini."

Fundi akatua mpira wa kompresa chini. "Mwalimu, nikiweka hizo, mimi na wewe tutakutana Liwale."

Namba ilikuwa sahihi. Kilichogoma ni kipimo. Kibandiko cha Japani hutaja kilopaskali, geji ya fundi husoma PSI. Kilopaskali 220 ni kama PSI 32. Kando yake huandikwa pia 2.2, upepo uleule kwa kipimo kingine, na ndiyo maana dereva mmoja wa Noah alitangaza kijiweni kwamba gari lake karibu linatembea bila upepo.

Mlango ulipomwangusha, Mwalimu akahamia kwenye tairi lenyewe. Ubavuni akasoma: MAX PRESS 51 PSI. "Si hii hapa? Weka hamsini na moja!" Kuandikwa imeandikwa, ila hicho ni kikomo cha tairi. Aliyelitengeneza hakujua litafungwa kwenye gari gani. Aliyeunda gari ndiye anayejua, na neno lake liko mlangoni. Fundi alijaribu kusema hivyo, akakumbuka nani ni mteja, akajaza.

Njiani kurudi Ruangwa gari lilisalimia kila kokoto. Nyuma alikaa mama mkwe, amepakata trei ya mayai. Hakusema neno mpaka alipoteremka, na ukimya ule ulimtisha Mwalimu kuliko hali ya mayai.

Basi akapunguza upepo, tena saa saba mchana, baada ya mwendo mrefu, matairi yakiwa ya moto. Kosa jingine hilo. Joto likipanda kwa nyuzi sita hivi, upepo huongezeka kwa karibu PSI moja. Ukilishusha tairi la moto hadi 32, alfajiri utalikuta limelegea, na tairi lililolegea hulika pembeni, hupinda kila linapozunguka na hujipikia joto lake lenyewe mpaka lipasuke. Lililojaa kupita kiasi hulika katikati. Upepo hupimwa asubuhi, kabla gari halijatoka.

Hata hivyo upepo ulikuwa nusu tu ya mkasa. Gari lilitoka Japani likiwa na matairi yenye kashata nene, na Mwalimu aliwaringia wenzake kuwa hatanunua mengine karibuni. Ubavuni palichorwa kitu kama ua dogo, pakaandikwa STUDLESS. Ua lile ni chembe ya theluji! Mpira wa matairi hayo hufanywa laini ili ushike barafu; juu ya lami ya Lindi yenye jua kali huisha upesi, na breki huchelewa. Nachingwea si mgeni wa vitu vilivyokuja bila kuuliza hali ya hapa: Waingereza walileta matingatinga ya mpango wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1951 mpango wenyewe ukafutwa.

Fundi akamwonyesha tairi jingine: 185/65R15 88S. Upana milimita 185, kimo asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15. Herufi S ni mwendo wa kilomita 180 kwa saa, sifa ya kupendeza kwa mtu anayepitwa na bodaboda. Namba ya kutazamwa huku ni 88, yaani kilo 560 kwa kila tairi. Msimu wa mbaazi ukifika, magunia matano ya kilo mia mia hupakiwa kwenye gari lililotengenezwa kubebea familia na mkoba wa sokoni. Na mtu huyo huyo atahoji S au H kwa nusu saa, 88 asiiguse.

Mwalimu alinunua manne, baada ya kusoma tarakimu nne za ubavuni zinazotaja lini tairi lilitengenezwa: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la namna hiyo haliitwi jipya hata likipakwa dawa ya kung'arisha. Yale ya theluji aliyachukua mwenye mkokoteni. Yana herufi Q, kilomita 160 kwa saa, na mkokoteni haujalalamika.

Wewe mwenye gari lililotoka Japani, kesho asubuhi kabla hujawasha injini, fungua mlango wa dereva usome kibandiko. Kisha tazama ubavu wa tairi, usije ukawa unaendesha matairi ya theluji hapa Kusini.