Jinsi ya Kuzaa Bila Kulea: Kungwi Amfunda Kekeo Mwali

Mwali, umeiva. Mgongo wako umeng'aa kijani, madume wameanza kukuimbia kutoka vileleni, na yai la kwanza li njiani. Jirani zetu kina kwera wamekwisha kujaa mnazini. Madume wao wanachana majani tangu alfajiri, wanasuka, wanafumua, wanasuka tena. Wewe hayo hayakuhusu. Katika tawi letu la ukoo hajatokea mtu aliyesokota hata unyasi. Kazi yangu mimi somo wako ni kukufunda namna ya kupata watoto walioshiba bila wewe kuwatia kiwavi kimoja mdomoni.

Kwanza toa haya. Utasemwa, na watakaokusema sana ni binadamu, hasa wale waliopeleka watoto kwa bibi kijijini kwa likizo, na likizo yenyewe sasa ina mwaka wa nne. Wasikilize kwa adabu, kisha endelea na shughuli zako.

Haya, mlezi. Usitage kwenye kiota chochote ulichokikuta wazi. Rudi kwa walezi waliomlea mama yako, maana yai lako limekwisha kutiwa rangi kwa ajili yao. Ukishafika, kaa tawini, nyamaza, utazame. Nani kaanza kutaga jana? Nani leo? Nani anatoka kutafuta chakula saa ngapi? Ukiwahi, yaani ukitaga kabla mwenye nyumba hajataga lake la kwanza, atajua si lake. Ukichelewa, mtoto wako ataanguliwa wakati wenziwe wameshaota manyoya, naye ndiye atakayekanyagwa. Kwa hiyo utakaa tawini saa nyingi, jua likikuwakia, wakati wanaojenga wanapita wakikuonyesha vidole kwamba huna kazi.

Kisha kuna suala la yai lenyewe, na hapa fungua masikio. Kwera jike ana kelele, lakini si mjinga. Kila mmoja hutaga yai la namna yake maisha yake yote: huyu jeupe tupu, yule la buluu lenye madoa, mwenzake la kijani lisilo na doa. Yai ni kama sahihi yake ya benki. Akikuta ambayo mkono wake haukuiandika, anaitupa nje bila kuuliza. Nawe una sahihi moja tu. Mti mmoja una makumi ya viota, na kazi yako ni kumpata jike ambaye yai lake limelandana na lako, tena viota vyenyewe vimefumbwa pande zote na mlango uko chini.

Tusimlaumu kwera kwa ukali huo. Tumemfundisha sisi. Kuna kwera waliopelekwa na watu Mauritius katika karne ya 19, na wengine walitangulia kufikishwa kisiwa cha Hispaniola huko Karibi, na kote huko hakuna kekeo wa kijani. Mwaka 2005 mtafiti David Lahti alichapisha vipimo vya mayai yao. Wamelegea, mwanangu! Mayai ya jike mmoja hayafanani tena yenyewe kwa yenyewe kama ya jike wa Afrika, na mayai ya majike mbalimbali yameanza kukaribiana. Yaani ukitia lako hapo katikati, nani atajua? Ndiyo pepo yetu hiyo, na nauli hatuna.

Dada zetu wa kijivu wao wana kiburi. Walipotafuta mlezi hawakumwona mwingine ila mlamba, yule mweusi mwenye mkia wa panda anayemfukuza mwewe mchana kweupe na watu wakitazama. Kughushi wanaghushi barabara. Changanya yai lao na ya mlamba, binadamu atakodoa macho asitofautishe. Lakini utafiti wa Zambia uliotoka mwaka 2023 ulikadiria kwamba mlamba hulikataa yai la kekeo takriban mara 94 katika kila 100. Yanayopona ni sita. Mtu anayekubali kazi yenye faida ya namna hiyo mwite jina lolote, ila mvivu siye.

Yupo pia kijindege mmoja wa manjano wa huko huko Zambia, si wa ukoo wetu, ambaye dawa yake ni kurudi kwenye kiota kile kile na kutaga la pili, hata la tatu. Mwenye nyumba akitazama mayai ya wageni yamekuwa mengi, hajui tena la kwake ni lipi. Ufidhuli, lakini una akili ndani yake.

Siku yenyewe ikifika, usikokote miguu. Binamu zetu wa Ulaya, wale wanaokimbia baridi na kuja kujaza matumbo misituni Kongo kila mwaka, hutumia kama sekunde kumi tu: kuingia, kutoa yai moja la mwenyeji, kutaga lao mahali pake, kutoka. Yai lililotolewa hulila. Nakusihi ulile nawe, kwa kuwa hicho ndicho chakula pekee utakachopewa katika nyumba ile. Ukimaliza, usiondoke kimya kimya kama mwizi. Jike wa Ulaya akitoka hucheka kicheko kirefu kinachofanana na sauti ya kipanga; mwaka 2017 Jennifer York na Nick Davies wa Cambridge walionyesha kwamba wenye kiota wakikisikia huangalia usalama wao, wakasahau kukagua mayai. Angalia sasa, mgeni kakuibia, na mwenye nyumba anatetemekea roho yake.

Kama una dume mwenye moyo, mtumie. Kekeo wenye madoa makubwa, wanaotaga kwa kunguru, wameonekana wakifanya hivyo: dume anajitokeza mbele ya wenyeji akipiga kelele, wanamfukuza, na jike anapita nyuma. Hiyo ndiyo huduma pekee atakayokupa, kwa hiyo ipokee kwa shukrani.

Sasa mtoto. Hutakuwepo, hivyo lazima awe amefundwa tangu yaini. Ataanguliwa mapema kuliko wenziwe, uchi, macho yamefumba, na hata kabla ya kufumbua ataanza kusukuma. Daktari mmoja wa Uingereza, Edward Jenner, ndiye aliyelieleza jambo hili sawasawa mwaka 1788: kinda wa kekeo ana kibonde mgongoni, analipakata yai au ndugu wa kambo hapo, anapanda kinyumenyume ukutani mwa kiota hadi ukingoni, na kumwaga. Baada ya siku chache kibonde kinajaa, na nia inamtoka. Wapo waliomwona Jenner mwongo. Miaka minane baadaye, mwaka 1796, alifanya jaribio la chanjo ya ndui lililompa jina duniani. Binadamu wakitulaani, wakumbuke daktari wao alianza kwa kuchungulia mwanetu.

Akibaki peke yake atakuwa na shida mpya. Anahitaji chakula cha kiota kizima na mdomo ni mmoja. Kinda wa Ulaya hutatua hilo kwa sauti: analia kwa kasi ya makinda wengi kwa pamoja, na mlezi anayesikia kilio cha watoto wanne analeta chakula cha watoto wanne. Mwishoni utamwona mama wa kambo anasimama juu ya bega la mtoto ili amfikie mdomo. Watu hupiga picha hiyo wakacheka. Mimi huiona nzuri sana.

Ukiona haya ni ya kikatili, subiri nikusimulie ya mlembe, maana yeye ndiye ninayemwonea wivu, na wivu wenyewe ni wa jina. Mlembe anasifiwa kila pembe. Ndiye rafiki wa mrina asali: anakuja na kelele zake, anaruka mti hadi mti, anamfikisha mtu kwenye nyuki, mtu anachukua asali naye anaachiwa nta, ambayo tumbo lake linaweza kuisaga. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi humwita kwa mluzi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, wana mlio wao wa kumwita, brrr ukimalizikia na hm, na utafiti wa mwaka 2016 uliomhusisha Claire Spottiswoode ulionyesha kwamba mrina anayeutoa anapata mlembe wa kumwongoza mara mbili zaidi ya asiyeutoa: asilimia 66 badala ya 33. Wazee wanamsimulia kwa heshima, na watoto wanaonywa wasimdhulumu fungu lake.

Mtu huyu mwenye jina, muulize kalelewa wapi. Huko Zambia wengi wao hulelewa na keremkerem wadogo, ambao huchimba vishimo vyao vya kutagia ndani ya mashimo yaliyoachwa na mhanga. Mama mlembe anaingia gizani, anayatoboa mayai ya mwenyeji kwa mdomo, anaacha lake. Yai lenyewe amelikalia tumboni siku nzima ya ziada ili liwahi kuanguliwa. Likianguliwa, anatoka kipofu asiye na unyoya, na mdomoni ana kulabu mbili kali. Kila ndugu wa kambo anayeanguliwa anamng'ata na kumtikisa hadi afe. Spottiswoode na mwenzake Koorevaar walitia kamera mle shimoni, na filamu ilipotoka mwaka 2011 ilimwonyesha hata mzazi wa keremkerem akiingia na mdudu na kujaribu kumlisha muuaji wakati anang'ata. Giza, hakuona. Kulabu huanguka kadiri kinda anavyokua, na anapotoka nje juani hakuna alama. Kesho yake ni mwongoza watu kwenye asali.

Funzo langu hapo ni la biashara tu: ukishafanya mabaya, jifanyie kazi moja ya umma. Kekeo tumejaribu. Mwenzetu mwenye kifua chekundu hutangaza mvua kwa sauti tatu zisizobadilika, mpaka watu wanatoa majembe. Bahati mbaya mvua isipokuja lawama ni yake.

Kwa mwali mwenye roho laini iko njia ya fumbwe. Mtoto wao hamsukumi mtu. Anakaa na watoto wa mwenyeji, anafungua mdomo wenye madoa na rangi za ndani kama za wenziwe, wanalishwa wote. Mtoto wa kiume anakua akiimba nyimbo za baba wa kambo, na mtoto wa kike akikomaa anamtafuta dume anayeimba hivyo, kisha anarudi kutaga kwa kabila lile lile la walezi. Malezi mema mpaka inatia kinyaa.

Na kwa mwali mwenye roho ngumu iko njia ya Hispania. Huko kekeo wenye madoa hutaga kwa ndege wa jamaa ya kunguru, na mwaka 1995 Manuel Soler na wenziwe waliripoti kwamba wenyeji waliolitupa yai la kekeo waliharibiwa viota vyao zaidi kuliko waliokubali kulea. Unalea wetu, au hulei wako. Binadamu wa mijini hawahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Hayo ndiyo mafunzo, mwali. Jumlisha mwenyewe: kupeleleza, kughushi, kuvizia, kukimbia, na mayai mengi yanayotupwa usiyasikie yanavyopasuka. Ndege walioingia njia hii ni takriban jamii moja katika kila mia duniani. Wengine wote waliangalia gharama wakaona ni nafuu kujenga.

Lakini kabla hujaruka, kuna shangazi yako mmoja hatumtaji sana: dudumizi mweusi wa mabondeni. Ni wa ukoo wetu wa kekeo, na watafiti wamemfuatilia miaka mingi kwenye ardhi oevu ya Usangu, kusini-magharibi mwa Tanzania. Jike wake ni mkubwa kuliko dume na ndiye anayelinda eneo na kuimba. Anaweza kuwa na waume wawili, watatu au zaidi, kila mmoja na kiota chake, na wao ndio wanaojenga, wanaoatamia na wanaolisha. Hajaghushi yai wala hajamtupa mtoto wa mtu. Mimi nimezeeka, wewe nenda kaulize posa za huko zinapokelewaje.