Jibu Lipo, Ila Usiliulize

Sina ugomvi na hisabati ya kujumlisha na kutoa. Hiyo inanirudishia chenji gengeni. Ugomvi wangu ni na ile ya mpwa wangu, anayekaa kwetu huku akisomea shahada ya uzamili katika somo liitwalo uchambuzi wa fankisheni. Kwa jinsi ninavyomsikia, mle mtu anasifiwa kwa kuthibitisha kwamba jibu lipo. Kulitoa si kazi yake.

Juzi gesi ilikuwa inakaribia kuisha, maharage yako jikoni. Nikamwuliza yataiva saa ngapi. Kosa gani hapo?

“Mjomba,” akasema, kalamu tayari iko nyuma ya bili ya maji, “joto la sufuria linafuata mlinganyo wa kutofautisha. Jibu lipo. Tena ni moja tu. Na ukikosea kidogo kupima joto la mwanzo, jibu nalo litayumba kidogo tu.”

“Saa ngapi?”

“Hilo ni swali lingine.”

Masharti hayo matatu eti ni urithi wa Mfaransa mmoja, Jacques Hadamard. Jiko langu, kwa kipimo chake, halina tatizo lolote. Njaa haimo katika masharti.

Utaratibu wao ni huu. Hawalitafuti jibu kama wewe unavyotafuta funguo. Wanazikusanya fankisheni zote zinazoweza kuwa jibu, kila moja wanaihesabu kuwa nukta, kisha wanapima umbali kati ya nukta na nukta; mkusanyiko huo wanauita nafasi. Mlinganyo wanaugeuza mashine: unaingiza fankisheni, inatoka nyingine. Stefan Banach, Mpolandi, alionyesha katika tasnifu yake iliyochapishwa mwaka 1922 kwamba, mashine ikizisogeza nukta zote karibu-karibu kwa kiwango kisichopungua, na nafasi yenyewe ikiwa haina matundu, basi ipo nukta moja, moja tu, ambayo mashine haiwezi kuihamisha. Hiyo ndiyo jibu. Unaweza kuanza na kisio lolote, hata la kipuuzi, ukalirudisha mashineni tena na tena, utalikaribia.

Hapo nikapata moyo. Nikasema tuanze na saa saba mchana. Akanitazama kwa huruma. Kisio la kipuuzi linaruhusiwa, ila lazima liwe fankisheni nzima.

Tena kwa mlinganyo wa joto huwa wanapita njia nyingine, wanatafuta jibu dhaifu. Sikumtania, ndivyo linavyoitwa. Mrusi Sergei Sobolev aliwajengea nafasi zake miaka ya 1930. Jibu la namna hiyo halilazimiki kutii mlinganyo kila mahali. Unalipima kwa wastani, huku na kule, kwa kila fankisheni ya majaribio. Wastani wote ukikubali, limefaulu. Mke wangu hatumii wastani. Huchota harage moja, akalibinya.

Nilipomwambia kwamba kazi ya kusema “lipo” hata mimi naiweza, mpwa alikasirika. Akanieleza kuwa wakubwa walilichukulia jambo hilo kirahisi wakaumbuka. Bernhard Riemann aliegemea kanuni iliyosema kwamba, katika maumbo yote, lazima liwepo lile lenye nishati ndogo kuliko mengine. Mwaka 1870 Karl Weierstrass akatoa mfano wa hesabu ya aina hiyo ambamo unashuka, unashuka, na la chini kabisa halipo. Ilibidi wasubiri David Hilbert, karibu na mwaka 1900, aje kuiokoa kanuni. Na mwaka 1957 Hans Lewy akaleta mlinganyo mpole, laini kila upande, usio na jibu lolote. Huyo Lewy nampenda. Hana kitu, na anakwambia hana.

Ila waliopaswa kuniudhi zaidi ni Banach na wenzake wa Lwów, mji ambao leo ni Lviv, Ukraine. Walikuwa wakikaa Mkahawa wa Kiskoti wakiandika hesabu kwa penseli juu ya meza za marumaru. Mkahawa ukifungwa, meza inafutwa, jibu lililokuwepo halipo tena. Aliyemaliza ujinga huo mwaka 1935 hakuwa profesa. Alikuwa mke wa Banach, aliyenunua daftari nene, likawa linatunzwa pale pale mkahawani. Kila nyumba ina mbinya-harage wake.

Katika daftari hilo, mwaka 1936, Stanisław Mazur aliandika swali kuhusu kukadiria fankisheni kwa nyingine nyepesi zaidi, akaahidi kumzawadia bata bukini hai atakayelijibu. Swali likapita vita, likapita mipaka iliyohama, mpaka mwaka 1972 Msweden Per Enflo alipoonyesha kwamba jibu ni hapana, kwa kuunda nafasi, ya aina iliyopewa jina la Banach, ambamo makadirio yale yaliyotumainiwa hayafanyi kazi.

Nikamwuliza mpwa wangu: na bata je? Akajibu bila hata kufikiri kwamba Enflo alikabidhiwa huko Warsaw, ndani ya kikapu, na picha ipo.

Hebu ona. Mazur, bingwa wa mambo yaliyopo, alikuwa na kila haki ya kumwambia yule kijana kwamba bata yupo, tena ni mmoja tu, na kumpata ni swali lingine. Hakuthubutu. Alimleta.