Mbio na Gunia la Mchele

Miongoni mwa michezo ya kompyuta iliyopata kuingia nyumbani kwangu, haujatokea wenye ukali wa Grand Prix Legends, uliotolewa mwaka 1998 na mafundi wa Papyrus wa Marekani, ambao humkabidhi mtu gari la Formula One la mwaka 1967 na, pasipo salamu wala muhula, humwacha aone mwenyewe jinsi chombo cha kilo 500 na ushei kinavyotii amri kikitiwa injini ya nguvu za farasi 400, na kunyimwa yale mabawa ambayo magari ya baadaye yalipewa ili yagandamane na barabara. Michezo mingine ina rehema. Ukigonga ukuta, gari hudunda na safari ikaendelea. Huu hauna. Ukikanyaga mafuta kwa pupa katikati ya kona, matairi ya nyuma hutaka kuwa ya mbele, nawe hujikuta umeelekea ulikotoka, ukiwatazama wenzako wanavyokujia.

Ukali huo naupenda, wala sitaki upunguzwe hata chembe. Mafundi wale walihesabu matairi, springi, miinuko, hata uzito wa petroli unaopungua tangini; kitu ambacho hakikuwapitikia ni mchele. Usukani hubanwa ukingoni mwa meza, na meza madhubuti hapa kwetu Tanga ni moja tu, ya chakula. Pedeli nazo hukaa chini, juu ya vigae, ambapo mguu ukiishindilia breki huzisukuma zote mpaka uvunguni. Dawa niliyoipata ni kuziegemeza kwenye gunia la mchele, ambalo mwanzo wa mwezi limejaa na halitikisiki kwa lolote. Lakini gunia hilo lina wateja wengine. Kadiri mwezi unavyokatika ndivyo linavyopungua, na ndivyo breki zangu zinavyolegea, hata kona ya Tarzan katika uwanja wa mbio wa Zandvoort, ambayo tarehe 5 huikata kwa staha, tarehe 25 huniona nikipita moja kwa moja kuelekea mchangani.

Umeme nao una zamu yake. Katika mbio za Kyalami, Afrika Kusini, Januari 1967, John Love wa Rhodesia aliongoza mpaka imebaki mizunguko michache, akalazimika kusimama kutia mafuta, akawa wa pili nyuma ya Pedro Rodríguez. Mimi, nikiwa karibu kumaliza mbio hizo hizo kwa nafasi ambayo si lazima niitaje, nilibaki gizani mtaa mzima, usukani mkononi.

Lakini kisa cha mama mkwe ndicho kinachosimuliwa barazani. Alifika kutoka Pangani jioni moja mimi nikiwa Nürburgring, ambako mwaka 1967 mzunguko mmoja ulikuwa wa kilomita 22 na zaidi, na ambao dereva Jim Clark mwenyewe ulimchukua dakika nane na sekunde kadhaa. Mimi huhitaji zaidi, pamoja na muda wa kutoka vichakani. Masikio yamezibwa na spika, hodi sikuisikia. Nilipohisi mtu ubavuni, alikuwa amekwisha kuketi na kuletewa chai, nayo meza, kwa sababu usukani ule una mota inayotetema kila tairi likigusa ukingo wa barabara, ilikuwa inaihamisha chai kutoka kikombeni kwenda kisahanini. Shikamoo ikanitoka katikati ya kona, na madhali shikamoo ya mkwe haitolewi kwa kumpa mtu kisogo, niligeuza uso. Gari likageuka pia.

“Marahaba. Punguza mwendo, baba,” akasema, ameshika meza kwa mikono miwili. “Unakwenda wapi?”

“Siendi mbali, mama. Nazunguka tu, narudi pale pale nilipoanzia.”

Akatafakari. “Na nauli analipa nani?”

Kabla sijapata jawabu, mke wangu aliingia na pishi mkononi, akainama uvunguni, na kwa heshima ya mgeni akachota mchele wa pilau, pishi ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Mbele yangu ulikuwa umefunguka mteremko wa Fuchsröhre, unaoporomoka kati ya miti. Nilikanyaga breki kwa nguvu zote. Pedeli zikaenda zake, na gunia likazifuata.

“Shusha!” akapiga ukelele mama mkwe.