Mwongozo kwa Aliyekabidhiwa Faili la Usugu

Hongera kwa kuteuliwa kufuatilia UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, hospitalini kwenu. Pamoja na faili, pokea nasaha za tuliokutangulia.

Sampuli isikukimbize. Mgonjwa akija na homa, achomwe seftriaksoni kwanza. Damu ya kuotesha mtaitoa kesho kutwa, vijidudu dhaifu vikishakufa. Chupa ya mtu mzima inataka mililita 8 hadi 10. Weka mbili, usije ukaitwa mumiani. Maabara itajibu "hakuna kilichoota", nawe utajaza sifuri, namba yenye heshima zake. Hospitali isiyootesha haijawahi kuwa na usugu.

Ukihitaji wafadhili, geuza kibao: otesha wale tu walioshindikana kwa dawa tatu. Ghafla vimelea tisa kati ya kumi ni sugu, na semina ya hotelini imepatikana. Wodi ni ileile, Klebsiella ni ileile. Waliobadilika ni waliotolewa damu. (GLASS, mfumo ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015, hutaka kujua na idadi ya wote waliopimwa. Wadaku wale.)

Kichanga mmoja akitolewa sampuli mara tano, hesabu wagonjwa watano. Kanuni ya kuhesabu kimelea cha kwanza tu cha kila mgonjwa, na ya kutotangaza asilimia kabla ya kufikisha vimelea 30, waachie wenye nafasi.

Ila safu moja iogope kama ukoma: tarehe ya kulazwa. Sampuli iliyochukuliwa mgonjwa akiwa amelala wodini zaidi ya siku mbili huhesabiwa kuwa ya maambukizi ya hospitalini. Yaani hakuja nayo, nyinyi ndio mliompa. Ukiijaza, utaulizwa nani alipita kitanda hadi kitanda na glavu zilezile, sinki limekauka tangu lini, na kitakasa mikono cha wodi kiliishia ofisi ya nani. Kalamu huishiwa wino, hilo kila mtu analijua.

Majibu yakirudi siku ya nne, usiyasome kwa sauti. Nenda nayo polepole hadi kitandani. Ukikuta shuka limeshabadilishwa, yapeleke masijala. Mgonjwa mpya wa kitanda hicho ameshachomwa seftriaksoni.