Namna ya Kuwa Mtu wa Den-en-chofu Bila Kumiliki Hata Tofali

Hongera, ndugu yangu. Umeamua kuwa mtu wa ushuani, na hukwenda mbali: umechagua Den-en-chofu, wilaya ya Ota, kusini-magharibi mwa Tokyo. Mjapani akisikia jina hilo huona majumba, bustani na magari yanayong'aa. Wewe huna hata kimoja kati ya hivyo. Usijali. Stesheni ni ya kila mwenye nauli, na heshima ya mtaa ule huanzia mlangoni pa stesheni. Fuata hatua hizi, na kabla ya jua kuzama utakuwa mwenyeji.

Hatua ya 1: Fika mahali penyewe

Usishukie Chofu. Huo ni mji mwingine kabisa, magharibi mwa Tokyo, kwenye reli ya kampuni ya Keio. Ukijitangaza mkazi wa Den-en-chofu ukiwa umesimama Chofu, umeumbuka kabla hujaanza.

Anzia Shibuya, panda treni ya Tokyu, njia ya Toyoko. Ni kilomita 8.2 tu. Lakini angalia ubao kwanza. Panda ile inayosimama kila kituo, au ya haraka. Ile ya haraka zaidi, wanayoiita tokkyu, iache iende zake. Husimama Jiyugaoka, jirani kabisa, kisha huipita Den-en-chofu na kwenda kusimama Musashi-Kosugi, ng'ambo ya mto Tama. Ndiyo, treni ya wenye haraka haisimami kwa wenye pesa. Mtu akikuuliza sababu, tabasamu na useme kwamba kwetu kule hakuna mwenye haraka.

Hatua ya 2: Usipige picha chini

Treni itakushusha chini ya ardhi. Kuna majukwaa mawili na reli nne, zilizofukiwa huko katika miaka ya 1990. Hapa zinakutana njia mbili, Toyoko na Meguro, na zimepangwa kwa akili: anayebadilisha treni kuendelea upande uleule havuki daraja wala hapandi ngazi, anakatiza jukwaa tu. Kwa fundi wa reli hii ni kazi ya kupendeza. Kwako haina faida hata chembe, maana picha ya jukwaa la chini ya ardhi inaweza kuwa ya stesheni yoyote duniani. Weka simu mfukoni, panda juu.

Ila hilo la kubadilisha treni lishike. Tutalihitaji.

Hatua ya 3: Simama mbele ya jengo, usiulize kazi yake

Tokea upande wa magharibi, tembea hatua chache, geuka. Hapo sasa! Mbele yako kuna kijengo chenye paa kubwa jekundu lililovunjwa mabega kwa mtindo wa Ulaya, kama limetoroka kwenye kitabu cha hadithi za watoto. Mchoraji wake alikuwa Yabe Kintaro, na kwa miongo kadhaa kijengo hicho ndicho kilichokuwa stesheni yenyewe.

Siri ninayokupa usimwambie mtu. Jengo hilo lilibomolewa mwaka 1990 ili treni zipelekwe chini. Mwaka 2000 likasimamishwa tena. Kukata tiketi ndani yake haiwezekani, na treni hazina habari nalo. Limerudishwa lisimame pale, lipendeze, lipigwe picha. Yaani stesheni yenyewe imekutangulia katika fani yako: inaonekana stesheni bila kufanya kazi ya stesheni. Basi ondoa aibu. Simama katikati, mkono mmoja mfukoni, mwambie mpigapicha asubiri wapita njia wapungue.

Onyo dogo: usiseme "jengo hili la miaka mia moja." Kuna wazee pale wanaokumbuka kipindi chote palipokuwa patupu. Sema "stesheni yetu ya zamani." Hakuna atakayekupinga, na hujadanganya.

Hatua ya 4: Kariri historia ya kutosha kikombe kimoja cha kahawa

Zaidi ya hapo utaonekana mwalimu, na walimu hawakai Den-en-chofu.

Anza na Shibusawa Eiichi, mfanyabiashara aliyekuwa na mkono katika kampuni nyingi za mwanzo za Japani. Mwaka 1918, akikaribia miaka themanini, aliwaongoza wenzake kuanzisha kampuni ya kujenga mji wa bustani. Ukiwa na noti ya yeni 10,000, ile iliyotoka mwaka 2024, itoe taratibu: sura iliyo mbele ni yake. Usiigeuze. Nyuma kuna picha ya stesheni, na stesheni hiyo ni ya Tokyo mjini, siyo hii yenu.

Wazo la mji wa bustani lilitoka Uingereza kwa Ebenezer Howard, aliyetaka mji wenye nyumba, mashamba, viwanda na ajira zake, watu wasihangaike kwenda mbali. Kampuni ya Shibusawa ikachukua bustani na kuacha viwanda. Matokeo yake kila mkazi akalazimika kwenda Tokyo kutafuta riziki, na ili afike alihitaji treni. Treni ya nani? Ya kampuni dada ya reli, Meguro-Kamata, iliyoongozwa na Goto Keita, mtu aliyekuja kumeza kampuni za jirani moja baada ya nyingine. Unauziwa kiwanja, kisha unauziwa nauli ya kukikimbia kila asubuhi. Kofia nawavulia kwa ujanja huo.

Tarehe mbili zinatosha. Stesheni ilifunguliwa Machi 1923. Septemba mwaka huohuo tetemeko kubwa la Kanto likaipiga Tokyo, moto ukala katikati ya mji, na walionusurika wakaanza kutazama pembezoni kwa jicho jipya. Kuhusu hilo usitanie. Mezani panaweza kuwa na mtu ambaye familia yake ilipotea.

Kisha rejea kwenye mambo mepesi: wakati inafunguliwa, stesheni iliitwa Chofu tu. Mwaka 1926 ndipo ilipoongezewa "Den-en" mbele. Hata wewe ukiongeza kitu mbele ya jina lako, tayari una mfano wa kuigwa.

Hatua ya 5: Tembea, lakini kwa njia iliyonyooka

Mitaa ya magharibi imechorwa kama nusu ya utando wa buibui, stesheni ikiwa kati: barabara nyingine zinatoka hapo moja kwa moja, nyingine zinapinda nusu duara kuzikatiza. Mgeni huingia kwenye zile zilizopinda, akatembea nusu saa akiwa palepale kwa umbali kutoka stesheni, jasho linamtoka, na kila ua analofikia linafanana na la kwanza. Wewe shika iliyonyooka, ipande hadi utakapochoka, geuka, rudi. Ramani huhitaji. Mwenyeji hatoi simu.

Miti iliyopangwa kandokando ni ginko. Mwisho wa Novemba majani huwa ya manjano, na hapo ndipo uje na shati lako zuri. Ukipita nyumba kubwa, usiikodolee macho. Tikisa kichwa kidogo, kama unayeona jirani amekosea rangi ya geti.

Neno la kudondosha hapa ni viwanja. Sema kwa masikitiko kwamba kanuni za mtaa hazikubali kiwanja chini ya mita za mraba 165, ili watu wasikatekate ardhi. Usiulizwe chako kina ukubwa gani. Ukiulizwa, sifu ginko.

Hatua ya 6: Ukikamatwa

Itatokea. Bibi mmoja mwenye mbwa mdogo atakuuliza nyumba namba ngapi. Usikimbie. Mwambie kwa upole kwamba wanunuzi wa mwanzo hawakuwa matajiri wakubwa. Walikuwa watu wa maofisini waliochoka na mji, wenye mishahara na ndoto. Matajiri walifuata baadaye. Hivyo wewe, mwenye mshahara na ndoto, ndiye unayefanana na waanzilishi, kuliko yeye. Usimalizie sehemu ya "kuliko yeye." Inama, msifu mbwa, elekea stesheni.

Hatua ya 7: Jibu la kudumu

Sasa rudi chini, kwenye lile jukwaa la njia mbili. Tafuta chumba cha bei yako huko mbele, kwenye njia ya Meguro au Toyoko, popote mfuko unapofika, mradi safari yako ya kazini ikulazimishe kubadilisha treni hapo. Kisha mtu akikuuliza kazini unakaa wapi, mjibu bila kupepesa: "Mimi kila jioni nashukia Den-en-chofu." Ni kweli tupu. Treni unayopanda baada ya hapo haimhusu.