Mkoba Mmoja kwa Kila Kichwa

Amri ilishuka Alhamisi usiku, sahani za wali hazijaondolewa mkekani. Baba Zuhura alifuta midomo, akatangaza kwamba gari la mdogo wake halina buti ya kuchezea: watu watano, harusi Lushoto, mkoba mmoja kwa kila kichwa. "Na lile sanduku la mekapu, Mama Zuhura, libaki hapahapa Tanga."

Sanduku lenyewe lina droo tatu, na ya chini haifunguki tangu faundesheni ilipomwagikia reli zake. Ndani mna lipstiki 11, tisa kati ya hizo rangi ileile, nilizonunua kila nilipodhani sina. Mna maskara ya mwaka juzi, na najua fika kwamba maskara ikishafunguliwa haifai kuvuka miezi kama mitatu, kwa vijidudu ambavyo brashi huvitoa machoni ikavirudisha chupani. Mna kope za bandia za jicho moja. Sikuwa na pa kusimamia utetezi.

Mama mkwe, yeye, aliruhusiwa chetezo, udi, mfuko wa mkaa na kikapu cha samaki wa kukaanga. Nilipouliza, nikaambiwa hivyo si mizigo, ni heshima ya mama.

Basi nikajitungia sheria: kisichofanya kazi tatu hakisafiri. Lipstiki moja ya rangi ya matofali ikapita, kwa midomo, kwa mashavu kwa ncha ya kidole, na kwa kivuli chembamba juu ya jicho. Wanja wa penseli ukapita, kwa macho, nyusi, na kidoti cha shavuni. Poda ilipita kwa kuonewa huruma. Nikaitandikia pamba chini ya kioo chake isije ikapasuka njiani. Mafuta ya nazi hayakuhitaji kujitetea: ngozi, nywele, na kufutia yote hayo usiku. Shida ilikuwa chupa yake, kubwa kama ya duka. Nikachukua ile ya dawa ya kikohozi ya Zuhura, ya mililita 100, nikaiosha mara tatu. Harufu ilitoka, lebo ikagoma. Vyote vikaingia katika kifuko cha penseli cha mtoto, zipu ikafunga.

"Mnajitesa, mkaza mwanangu," mama mkwe alisema toka kitandani. "Sisi tulibeba kipande cha liwa na msio wa kukisugulia. Maji utayakuta uendako." Msio ni jiwe, na jiwe lina uzito kuliko kifuko changu kizima, lakini nani amwambie? Akataka kunitilia na wanja wake wa manga. Nikamshukuru nikaukwepa, maana baadhi ya wanja wa aina hiyo huwa na madini ya risasi, na Zuhura hana asichokigusa.

Nilidhani nimemkinga. Asubuhi nikamkuta uani na lipstiki, amempaka paka. Masikio, pua, na kucha za miguu ya mbele. Za nyuma alikuwa anazisubiria paka atulie. Kilichobaki kilikuwa kisiki cha ukubwa wa punje ya hindi. Nikakirudisha kifukoni.

Muheza, Korogwe, Mombo. Hadi hapo tulikuwa tunajipepea. Toka Mombo njia inaanza kupanda milima ya Usambara kona kwa kona, na tulipoipita Soni madirisha yote yalishafungwa. Ulikuwa mwezi wa saba. Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Baba Zuhura, ambaye hakubeba sweta kwa kuitii amri yake mwenyewe, alianza kukohoa kabla hatujashuka.

Kisiki kilinitosha, tena wenyeji walinisifu. Usiku ndipo nilipotaka kufuta uso. Nikainamisha chupa: kimya. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, jambo ambalo mtu wa Tanga hana sababu ya kulikumbuka. Yalikuwa meupe kama mshumaa, nyuma ya shingo ya chupa isiyopitisha hata kidole.

Mama mkwe aliitazama, akaichukua, akaitia kwapani, akaendelea kusimulia harusi yake mwenyewe. Ilipofika sehemu ya kutolewa nje bibi harusi, mafuta yalikuwa maji. Nikajifuta, nikaiweka chupa mezani, taa ikazimwa.

Haukupita muda, mlango ukalia. Baba Zuhura aliingia anapapasa, akakohoa, akakuta chupa, akamulika simu kwenye lebo. Nikafungua kinywa, kiganja cha mama mkwe kikakifunika. Tulisikia mikupuo miwili.

"Ya moto moto," alisema gizani, kwa shukrani. "Mama Zuhura, kumbe uliikumbuka dawa."

Kitanda chetu kilikuwa kinatikisika. Mama mkwe alikuwa ameuma upindo wa kanga.