Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji

Mheshimiwa Waziri,

Napiga hodi kwa unyenyekevu mkubwa. Najua meza yako imejaa mafaili ya mabwawa, visima na miradi ya mabilioni, nami nakuja na bili ya nyumba moja. Niwie radhi. Maofisa niliowaendea walinipa kiti, wakanisikiliza, wakanieleza kwa upole kwamba utaratibu hauwaruhusu. Ndiyo maana, kwa heshima zote, nimepanda hadi kwako.

Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa. Katika mtaa wetu ipo familia ya watoto wanne. Baba ni fundi ujenzi, alianguka kutoka juu ya kenchi akaumia mgongo, na tangu hapo hajashika nyundo. Mama anauza maandazi. Katika shida hiyo bomba likapasuka chini ya ardhi, ndani ya kiwanja chao. Maji yalinywewa na mchanga, juu pakabaki pakavu, na mita ikazunguka usiku na mchana. Bili ikaja ya shilingi 214,000.

Maji yanayovuja baada ya mita ni ya mteja, na mama huyu hajabisha hata kidogo. Bomba alishalitengeneza kwa fedha ya kukopa kikobani. Aliomba alipe shilingi 20,000 kila mwezi hadi deni liishe. Akaambiwa atangulize nusu. Hakuwa nayo, mita ikang'olewa. Ukifika pale leo utakuta kipande cha bomba kimezibwa, na watoto wamekizungushia mawe ili bibi yao asijikwae gizani.

Kwa ruhusa yako, Mheshimiwa, naomba tupige hesabu pamoja. Sasa wananunua maji ya mkokoteni, shilingi 200 kwa ndoo ya lita 20. Wakijibana sana wanatumia ndoo nane kwa siku, yaani shilingi 1,600. Kwa mwezi ni 48,000. Kabla ya bomba kupasuka, bili yao haikuwahi kufika 15,000. Kila mwezi, basi, shilingi 33,000 na zaidi zinaishia kwa mwenye mkokoteni, ambaye naye anatafuta riziki yake na simlaumu. Fedha hizo zingetosha kumaliza deni lote ndani ya miezi saba. Tumemkatia maji ili alipe, na kwa kumkatia tumemnyang'anya alichokuwa alipie. Hili ndilo linaloniuma, wala silisemi kwa kukukosea adabu.

Siombi deni lifutwe. Naelewa kwamba dawa ya kutibu maji, umeme wa pampu na mishahara ya mafundi hutoka kwenye bili hizi hizi, na jirani anayelipa kwa wakati hastahili kubebeshwa mzigo wa mwenzake. Ninachoomba ni muda, na Serikali yetu inajua kutoa muda. Kodi ya majengo ilipohamishiwa kwenye LUKU ya umeme mwaka 2021, nyumba ya kawaida ilianza kukatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, kidogo kidogo, na mwananchi akaimudu. Kwenye umeme huo huo, mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi amewekewa bei yake ya chini. Huruma ya namna hiyo haijaifilisi nchi.

Wizara yako imefanya kazi kubwa ya kumtua mama ndoo kichwani, nasi wa mitaani tunaishukuru kwa dhati. Mama huyu alikwisha kutuliwa. Deni limemtwisha tena.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nakusihi utoe mwongozo kwa mamlaka za maji: familia iliyopatwa na ugonjwa, msiba au bomba kupasuka, na mtaa ukaithibitisha, isaini mkataba wa kulipa kwa awamu na maji yasikatwe wakati inaendelea kulipa. Ada ya kurudishiwa huduma nayo, ukiona inafaa, iingizwe kwenye awamu hizo badala ya kudaiwa kwanza. Ikikiuka mkataba bila sababu, utaratibu ufuate mkondo wake, nami sitakuja tena kuiombea.

Shilingi 20,000 za mwezi wa kwanza mama ameshaniachia. Akipewa namba ya malipo asubuhi, zitakuwa zimelipwa kabla ya ofisi kufungwa.

Wako mtiifu,
Mjumbe wa Serikali ya Mtaa